X Nyekundu Mlimani

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kununua mahindi Namtumbo bila kuulizwa na mtu, ruksa kujenga gesti hata mahali ambapo jana palikuwa na matembele. Songea ilijaa malori ya watu binafsi, na kila aliyepata vijisenti alitaka msingi wa mawe. Sisi tulioishi chini ya mlima tukaanza kutembelewa na watu ambao zamani hata salamu zetu hawakuzijibu.

Juu ya mlima, ndani ya msitu wa hifadhi, yalikuwepo mawe marefu yaliyosimamishwa na watu wa kale. Babu zetu waliyakuta. Desturi yetu ilikuwa hivi: ukifiwa na mtu aliyezikwa mbali, mahali usipoweza kufika, unaokota jiwe dogo mtoni na kuliweka chini ya mojawapo ya yale marefu. Padri alijua, akanyamaza. Kaka yangu alikufa vitani Uganda, akazikwa hukohuko. Mama akapeleka jiwe jeupe, akaliweka chini ya lile refu lililoinama kidogo. Kila Novemba, baada ya misa ya marehemu, alipanda kwenda kulipangusa. Kaburi la mwanawe lilikuwa hilo tu.

Malori ya kutafuta mawe ya kujengea yalipoanza kuusogelea msitu, serikali ikamtuma bwana mmoja, mtaalamu wa mambo ya kale. Mama alifurahi kupita kiasi. Alimpikia ugali na dagaa wa Nyasa, akampandisha mlimani mwenyewe. Bwana yule alikuwa na adabu, nisimsingizie. Alisema atayawekea alama mawe yote ya maana ili yasiguswe, na kibao cha maelezo kingefuata. Kisha akachukua rangi nyekundu, akayapiga X.

"Kwa nini X?" nikamwuliza.

"Kwenye ramani, mwalimu, X ndipo mahali penyewe."

Kwenye ramani, labda. Kwetu mjini nyumba zote zilizosogelea barabara zilikuwa zimepigwa X nyekundu, na iliyopigwa X ilibomolewa. Nikamweleza hivyo. Akacheka, akasema nisiwe na wasiwasi, kibao kinakuja.

Kibao hakikuja. Zilikuja nyundo. Siku moja nilitoka shuleni nikasikia mlima mzima unagongwa, nikapanda mbio. Waliokuwa wakigonga hawakuwa wageni. Walikuwa majirani zetu, watu wa jumuiya yetu, walioajiriwa kibarua na mwenye lori. Miaka yote waliyaogopa mawe yale, hata kuni hawakuokota karibu yake. Mama alikuwa ameketi chini, kanga imemwanguka mabegani. Lile lililoinama lilikuwa kokoto tayari, na vile vijiwe vya chini vilikuwa vimekombwa kwa koleo vikapakiwa pamoja nalo.

"Mama, usitulaumu," jirani mmoja akasema, na alikuwa anamaanisha. "Yasiyo na alama hatukugusa hata moja. Tumevunja yenye X tu. Serikali imeshaamua, sisi ni nani?"

Nikaangalia pembeni. Kweli, mawe yasiyo na maana yalikuwa salama kabisa. Nimefundisha watoto maisha yangu yote na sijapata kuona darasa lililotii maelekezo namna ile. Hasira ile ninayo mpaka leo, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Kibao kilifika mwaka uliofuata. Cha bati, kimeandikwa vizuri: MAWE YA KALE. USIGUSE. Wakakisimika kwa zege, na askari akaletwa kukilinda. Novemba ilipofika Mama alishuka mtoni, akachagua jiwe jingine jeupe, akalifunga kwenye kanga. Nikamsindikiza.

Askari, mtu wa makamo kutoka mkoa mwingine, alisimama kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Mama alipofungua kanga, akaliona jiwe.

"Samahani, mama yangu. Hapa hapawekwi kitu. Ni hifadhi."

"Mnahifadhi nini, baba?"

Akakitazama kibao, kisha ile ardhi tupu yenye vumbi la mawe.

"Hata mimi nimekuta hivihivi, mama. Lakini si ruksa."

Mama hakubishana naye. Alilifunga jiwe lake tena kwenye kanga, akashuka nalo.