Kusoma kwa Posta

Watu wa rika langu hupenda kueleza walikosomea. Huyu alisomea Uganda, yule alivuka bahari, mwingine alitembea maili kumi kila asubuhi bila viatu. Mimi nilianza kwa posta. Kwa miezi minane nilikuwa mwanafunzi hodari wa shule yenye mwalimu mmoja na mtoto mmoja, huku safari ya treni ya usiku kucha ikitutenganisha, na katika muda huo wote hakuna aliyegundua kuwa sijui kusoma. Hata mimi sikugundua.

Tuliishi kwenye laini za wafanyakazi wa shamba la kahawa, upande wa Ruiru. Mama alichuma kahawa. Baba alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Voi, alikopelekwa na kazi yake ya reli. Shule ambayo ningeingia ilifungwa na serikali wakati ule wa Hali ya Hatari, kama zilivyofungwa nyingi za Wakikuyu, na mlango wake ukapigiliwa mbao mbili. Nilikuwa sijafika miaka minane na nakiri kwamba nilifurahi. Baba hakufurahi. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne, na aliona kuwa masomo yaliyomtosha kushika kalamu ya reli yangemtosha kumfundisha binti yake kutoka Voi.

Kila baada ya wiki mbili ilikuja bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya mama na ukurasa wa somo langu. Somo lilikuwa la Kiswahili, kwa sababu barua za Kikuyu zilifunguliwa njiani na kuchelewa, nyingine zisifike kabisa. Mistari kumi. Baba analima. Mama anapika. Ng'ombe anakula nyasi. Baba yangu hakuwa analima, alikuwa anapima magunia, lakini nilielewa kuwa hiyo ilikuwa elimu. Chini ya kila mstari aliacha nafasi, nami nikanakili. Mama alirudisha ukurasa kwa posta, na baba akaandika chini yake kwa penseli ya buluu ya stesheni: Vizuri. Baadaye: Vizuri sana.

Mpango wake aliurudia katika kila barua. Thika kulikuwa na shule iliyokuwa bado wazi, na mwalimu mkuu alikuwa amewahi kusoma naye. Nafasi ikipatikana, mwalimu angenipima, na nikifaulu ningeingia moja kwa moja darasa la pili, nikilala kwa shangazi yangu mjini humo. Muda niliopoteza ungekuwa umelipwa. Lakini nafasi ya namna hiyo haikuja mara mbili. Watoto wa mashamba yote ya kahawa na mkonge, kutoka Ruiru mpaka Thika, walikuwa wanaingoja hiyo hiyo.

Aliyetusomea barua alikuwa karani wa ofisi ya shamba, Jumamosi, kahawa ikishapimwa. Alisoma ya mama kwanza, kisha akasoma somo langu mara moja, haraka, kidole kikitambaa chini ya maneno. Mimi nilikuwa na kichwa cha kunasa. Tulipofika nyumbani nilikuwa na mistari yote kumi kama wimbo wa kanisani. Nikasimama karibu na mlango, nikaweka kidole kwenye neno la kwanza, nikaanza. Mara nyingine mdomo ulimaliza kidole kikiwa kimebakiwa na maneno mawili, nami nikakivuta upesi kikaufikia. Nilidhani kusoma ndiko huko: kusema maneno yenyewe huku umegusa karatasi.

Mama hakujua herufi hata moja, lakini hakuwa mwalimu mlegevu. Aliushika ukurasa niliounakili akaunyoosha mbali na macho, kama mtu anayekagua leso sokoni.

"Mstari huu umelala," alisema. "Futa."

"Umelala wapi, maitu?"

"Hapa mwishoni. Umechoka kama nyapara saa tisa."

Nikafuta, nikaandika tena, mpaka kila herufi iliposimama wima.

Kosa letu lilijificha ndani ya neno moja. Baba aliuliza katika kila barua: "Mtoto anasoma?" Mama akamwambia karani: "Mwandikie anasoma. Anasoma kila siku." Na ilikuwa kweli, kwa maana nilikaa na karatasi, nikashika kalamu, sikucheza na wengine. Hata kwa Kikuyu neno ni hilo moja. Anayekwenda shule anasoma, na anayeambiwa jambo na maandishi anasoma pia. Laiti baba angeuliza hata mara moja, "Anaijua ba?"

Kisha karani akahamishwa. Wa pili aliyekuja alivaa tai, na mama alisema ana masikio marefu. Ilinong'onwa kwamba aliyoyasoma katika barua za watu yalifika kituo cha polisi kabla ya jua kutua. Mama akakataa kumpelekea barua zake.

"Niende kwake kutafuta nini?" alisema. "Nyumbani nina msomaji."

Barua iliyofuata ililetwa na nyapara siku ya Jumatano. Haikuwa na somo ndani, karatasi moja tu. Mama alikuwa ameketi mlangoni na jirani yetu, mama pacha, mwanamke kutoka magharibi ambaye alijua habari za kila mtu na hakumficha mtu zake. Alikuwa akichambua maharagwe.

"Soma," mama akaniambia.

Nikaifungua. Mpaka siku hiyo sikuwa nimetambua kuwa baba ana miandiko miwili. Ya masomo yangu ilikuwa ya herufi kubwa zilizoachana. Hii iliunganishwa, uzi mmoja kutoka pembe hadi pembe, kama sweta iliyofumuka. Nilitafuta Baba analima. Haikuwamo.

Hapo ndipo nilipojua. Ningeweza kusema sijui, na mama angetafuta mtu mwingine siku hiyo hiyo. Lakini nilikuwa na miaka minane na sifa ya kulinda, na nyuma yangu kulikuwa na Vizuri sana za miezi minane.

"Soma basi, mwalimu," mama pacha akasema. "Ama tulipe kiingilio?"

"Kwa mke wangu mpendwa," nikaanza. "Salamu nyingi sana. Baada ya salamu, mimi huku sijambo, sijui ninyi huko." Hayo niliyajua kutoka kwa yule karani wa kwanza, kwani barua zote zilianza hivyo. Lakini hayakutosha kujaza ukurasa, na mama alikuwa anaona kuwa ukurasa umejaa. Nikaendelea. "Ninakukumbuka. Ninajua kazi ya kahawa ni ngumu. Mikono yako ninaiona hata nikiwa huku Voi."

Mama pacha akaacha maharagwe.

"Rudia hapo kwa mikono."

Nikarudia. Kwa bahati yalitoka maneno yale yale.

"Wangu akija Jumapili anauliza tu nyama iko wapi," akasema. "Na kuandika anajua."

Mama alikuwa anatazama chini, akitabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake. Jambo hilo lilinitia ujasiri. Nikaongeza kuwa baba hataki mtoto atumwe mtoni wakati anasoma.

"Na shule?" mama akauliza. "Hakusema habari ya Thika?"

"Amesema."

"Amesema nini?"

"Tungoje."

"Tungoje nini?"

"Barua."

"Na hii ni nini?"

"Nyingine."

Tangu siku hiyo nimeandika mengi, na watu wenye shahada kama yangu wameyasema wanayoyasema juu yake. Sijapata tena wasomaji wawili walioamini kila neno.

Tukangoja. Mama alingoja kwa bidii: alinishonea kola nyeupe, akanifulia gauni lile moja mara tatu. Kila nyapara alipopita, mama alisimama kumtazama mikono kama ameshika barua. Nami nilijiambia kuwa labda barua ilikuwa ya salamu kweli, labda nilikuwa nimebahatisha. Usiku sikuwa na usingizi, na mchana nilinakili masomo ya zamani ili nionekane.

Jumapili ya wiki iliyofuata mume wa mama pacha alikuja kutoka Thika, alikofanya kazi katika kiwanda cha mananasi. Alikuwa ameshaambiwa habari za mikono. Mkewe alimleta mpaka mlangoni kwetu.

"Dada, lete ile barua," akamwambia mama. "Nataka huyu aisome kwa mdomo wake mwenyewe."

Nikasema imepotea. Mama akaingia ndani, akaitoa chini ya mto wake. Mume wa mama pacha alikuwa mtu wa taratibu. Alipangusa mikono kwenye suruali, akaigeuzia karatasi mwangaza.

"'Mama watoto,'" akasoma. "'Nafasi imepatikana. Mpeleke mtoto Thika Jumatatu ijayo, mfike kabla ya saa mbili asubuhi. Mwalimu mkuu atamngoja ampime. Asipofika siku hiyo nafasi atapewa mwingine, ameniambia wazi. Usikose. Wasalimie wote.'"

"Umeruka ya mikono," mama pacha akasema.

"Hakuna mikono hapa."

"Angalia nyuma."

Akageuza. Nyuma palikuwa peupe.

"Jumatatu ijayo," mama akasema polepole. "Ni kesho?"

"Mliipata lini?"

"Jumatano. Si hii iliyopita. Ile ya kabla."

Yule bwana akahesabu kimya kimya, akakunja karatasi. "Basi siku yenyewe imepita, mama. Leo ni siku ya sita."

Mama alinitazama. "Hukusoma," akasema.

"Nilisoma," nikajibu, kwa sababu sikuwa na neno jingine la kile nilichokuwa nikifanya.

Hakunipiga. Mama pacha alimshika mumewe mkono wa shati akamwondoa.

Kulipopambazuka mama alimwomba nyapara ruhusa na pasi ya kwenda Thika. Alikataa, kahawa ilikuwa imeiva. Mama akaenda hata hivyo. Kupanda basi bila pasi kulikuwa kujipeleka kwa askari wa kizuizi cha kwanza, kwa hiyo tulitembea, tukipita vijia vya mashamba ya mkonge. Kila tuliposikia gari alinivuta kati ya mistari ya mkonge, na miiba ya ncha ikatuchoma mabega. Akikamatwa angefungwa, akikosa kazi siku hiyo angeweza kufukuzwa, na sisi tulikuwa tunakwenda kuomba kitu ambacho tayari hakikuwapo. Njia nzima alisema neno mara moja tu.

"Ukipimwa, soma ile ya baba analima. Ile unaijua."

Nilijua haitafaa. Sikumwambia.

Tulifika jua likiwa kali. Mwalimu mkuu alikuwa na chaki kwenye mikono ya koti, na mama alipotaja kazi ya baba alitujua mara moja.

"Nilimngoja Jumatatu ile mpaka saa nne," alisema. "Nafasi nimempa mwingine, mama."

"Ulimpa lini?"

"Jumanne."

"Mpime tu, mwalimu. Babake amemfundisha kwa barua. Utaona."

"Hata nikimpima, dawati lilikuwa moja."

"Mpime. Akishindwa tutaondoka."

Akanipa kitabu. Ukurasa ulikuwa na picha ya paka na mistari mitatu. Nikaweka kidole. "Baba analima. Mama anapika. Ng'ombe anakula nyasi." Nilisoma mistari yote kumi kwenye ukurasa wa mistari mitatu, na yeye aliniacha nimalize. Adabu hiyo sijamsamehe mpaka leo. Kisha akaweka kidole chini ya herufi moja.

"Hii ni nini?"

Niliitazama. Ningeweza kuiandika bila kosa nimefumba macho. Sikujua kuwa ina jina.

Mama akafungua kiondo, akatoa kurasa zangu zote, zile za penseli ya buluu, akazipanga mezani. Mwalimu alizitazama moja moja, bila haraka.

"Anaandika vizuri kuliko walimu wangu wawili," akasema. "Lakini hajui alichoandika."

Mama akaomba aonyeshwe mtoto aliyepewa nafasi. Tulisimama dirishani, na mwalimu akamwonyesha: msichana wa benchi la pili, ulimi nje, akiandika. Mama alimtazama kwa muda mrefu.

"Mistari yake imelala," akaniambia kwa Kikuyu. Kisha akasema twende.

Jumamosi alikwenda kwa yule karani wa masikio marefu. Hakuwa na mwingine, na hakutaka mume wa mama pacha aijue aibu yetu mara ya pili. Nilimfuata. Karani akachovya kalamu.

"Sema."

"Mwambie mtoto hakuchukuliwa."

Akaandika. "Sababu?"

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya meza, kidevu sawa na kidau cha wino. Palikuwa pahali pangu pa kusema, na ulimi nilikuwa nao, tena ulimi ambao wiki mbili tu kabla ulikuwa umejaza ukurasa mzima.

"Mwambie nilisahau siku," mama akasema. "Barua ilifika, nikasomewa, nikasahau."

Karani akamtazama. "Mtu anasahau kitu kama hicho?"

"Andika."

Akaandika. Baba aliamini hivyo mpaka akafa. Hata nilipokuwa mtu mzima, mwenye shahada na miwani, alipenda kuwasimulia wageni jinsi mke wake alivyosahau siku moja ikanigharimu miaka miwili, kwa kuwa nilikuja kuanza darasa la kwanza na miaka kumi. Mama aliinuka akaenda kutazama sufuria. Mimi nilikunywa chai.

Karani alikunja barua, akaitia ndani ya bahasha, akaisukuma upande wetu na stempu juu yake. Mama alijaribu kuilamba, lakini mdomo wake ulikuwa mkavu. Akanipa mimi. Nikailamba.