Bunduki Ndani ya Mfuko wa Gitaa

Ile siku naikumbuka kwa harufu, mwanangu. Harufu ya mafuta ya bunduki ndani ya sebule yangu, pale Mbarara, na mimi natoka jikoni na sufuria ya maharage mkononi. Niliijua kabla sijaona kitu. Mtoto aliyetolewa Fizi, kule Kongo, wakati wa vita, akiwa amebebwa mgongoni, haisahau harufu hiyo.

Kaa chini nikuambie, kabla hujaingia kwa mumeo. Watu watasema nasaha ni za wenye mvi, na mimi bado nanyonyesha. Wacha waseme. Jambo hili lilikuwa mbele ya wenye mvi wakalipita, kwa hiyo nalisema mimi.

Nilikulia Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, huku Uganda. Kanisani kwetu nilikuwa mpiga gitaa wa kwaya, na nilipoolewa na Mugisha, Munyankore wa Mbarara, niliingia kwake na vitu viwili tu vya maana: cheti changu cha sekondari, na gitaa yangu ndani ya mfuko mweusi wa zipu. Jioni nikimaliza kazi nilikuwa naufungua mfuko, natoa gitaa, na binti yangu Neema anakuja mbio kukaa karibu. Alikuwa bado hajafika umri wa shule. Mimi naimba, yeye anakwaruza nyuzi kwa vidole. Kwa Neema ule mfuko ulikuwa furaha yenyewe. Akiuona tu, anaanza kuimba.

Sasa sikiliza walichofanya wanaume wawili wenye akili zao.

Baba mkwe wangu, ambaye sisi wote tunamwita Muzee, alikuwa mwanajeshi. Alikaa kambi ya Makenke miaka mingi na Kiswahili chake ni cha huko huko. Alipostaafu akarudi kwa ng'ombe wake, upande ambako nyati na nguruwe pori wanavunja uzio na kuharibu mashamba. Ana bunduki ndefu yenye darubini juu yake, ya leseni, halali kabisa. Mara kwa mara inabidi ailete mjini polisi waikague, na akija analala kwetu. Zamani alikuwa anaizungushia blanketi, lakini blanketi haifichi bunduki. Kwenye gari watu walikuwa wanasogea, akina mama wanashuka kabla ya kufika. Basi Mugisha akampa baba yake wazo, na pamoja na wazo akampa mfuko wangu. Mimi hakuniuliza. Gitaa yangu akaiegemeza chumbani, imefunikwa na shuka.

"Watu wataona ni muimbaji wa kanisa," aliniambia baadaye, kama vile ananipa sifa.

Siku hiyo Muzee akashuka kwenye boda mlangoni, akaegemeza mfuko kwenye ukuta wa sebule, akatoka uani kunawa vumbi. Mugisha akamfuata na jagi la maji. Mimi niko jikoni. Neema akauona mfuko.

Nilipoingia na sufuria nilimkuta amekaa sakafuni, zipu iko wazi, bunduki imelala kwenye mapaja yake vile ninavyoilaza gitaa. Mkono mmoja umekumbatia mtutu. Mwingine unapapasa pale kwenye kifyatulio, unatafuta nyuzi. Anaimba wimbo wa kwaya yetu, ule wa Jumapili ya mavuno. Akaniangalia, amenuna.

"Mama, gitaa imeharibika. Hailii."

Sikupiga kelele pale, mwanangu. Mpaka leo sijui nguvu ya kunyamaza niliipata wapi. Niliweka sufuria chini, nikazunguka nyuma yake, nikamnyanyua taratibu kwa makwapa, na bunduki ikateleza ikaanguka sakafuni. Nilipofika naye uani ndipo sauti ikanitoka.

"Muzee, ni kitu gani hiki umemletea mtoto wangu?"

Kwetu, na kwao vilevile, mke wa mwana hampandishii baba mkwe sauti. Mugisha aliangusha jagi. Muzee akafuta mikono yake kwenye koti, bila haraka, akaniita mke wa mwana kwa lugha yao.

"Mukamwana, tulia. Hiyo kitu iko tupu. Risasi iko hapa kwa koti yangu."

"Na Neema anajua iko tupu?"

"Mimi nilibeba bunduki kabla bwana yako hajazaliwa."

"Uliibeba, ndiyo. Lakini jeshini hukuibeba kwa mfuko wa nyimbo."

Na kweli ilikuwa tupu. Aliingia akaifungua mbele yangu, akanionyesha. Mugisha akashusha pumzi na kuanza kutabasamu, kwake mambo yameisha. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza sawasawa. Leo iko tupu. Kesho Muzee amechoka, au nyati amemkimbiza asubuhi akasahau, na mfuko ni ule ule, na Neema ni yule yule. Nikawaambia wote wawili: bunduki hii hailali tena katika nyumba yangu mpaka iwe na sanduku gumu lenye kufuli. Ikilala, mimi na mtoto tunarudi Kashojwa.

Dada yake Mugisha, anayekaa mlango wa pili, alikuwa ameshasikia akaja. Akanipima kutoka juu mpaka chini.

"Umetoka kambini na gitaa moja," akasema, "leo unafukuza muzee kwa nyumba ya mtoto wake?"

Mugisha akasikia hayo maneno na akanyamaza. Nilichukua kisu cha jikoni, nikaukata ule mfuko vipande vipande mbele yao. Kisha nikajifunga kitenge, nikambeba Neema, nikapanda gari ya Nakivale.

Koko wangu, mama wa mama yangu, ndiye aliyenitoa Fizi mgongoni mwake. Nilitegemea atanipokea kwa kunikumbatia, aseme mjukuu wangu umefanya vizuri. Nilimkuta Kashojwa anapukuchua mahindi juani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi yake. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake cha Kongo:

"Na ile bunduki iko fasi gani sasa?"

"Iko Mbarara, koko."

"Bwana yako?"

"Yuko kule."

"Kitanda yako?"

"Kule pia."

"Basi ni weye ulifukuzwa. Bunduki imebakia na nyumba, na bwana, na kitanda." Akatupa gunzi pembeni, akachukua hindi lingine. "Siye tulikimbia sababu hakuna mutu aliweza kuuliza bale benye bunduki kitu. Hatukukuwa na mudomo. Weye uko na mudomo, hata jirani banausikia. Rudi kule ubaambie ni sanduku gani unataka. Tena uichague weye mwenyewe. Ukibaachia bale babwana, batakuletea tena mufuko muzuri."

"Koko, mimi sijui masanduku ya bunduki."

"Bunduki haujue. Mutoto unamujua."

Nilikasirika, nisikudanganye. Nilimwacha na mahindi yake nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Mtu umekuja kutafuta bega la kulilia, unapewa kazi. Lakini asubuhi nilikuwa kwenye gari ya kurudi Mbarara, Neema amelala mapajani, na njia nzima nilikuwa naligeuza lile neno kichwani. Mtoto namjua. Najua vidole vyake vinaingia wapi. Najua vifuniko alivyovishinda na vile vilivyomshinda. Najua akitaka kitu hachoki.

Muzee bado alikuwa kwa Mugisha, bunduki ameiacha kwa polisi wanaikagua. Nikapiga magoti nikamsalimia, maana heshima sikuja kuivunja. Na nikiwa bado niko kwa magoti nikasema:

"Muzee, leo tunaenda kununua sanduku. Mimi nachagua."

"Wewe unajua nini ya sanduku ya bunduki?"

"Ya bunduki sijui. Ya Neema najua."

Mugisha alikuwa anaangalia viatu vyake. Kisha Muzee akasema, kama mtu anayeongea na maziwa yaliyo kwenye kikombe chake:

"Jana vile ilianguka, darubini ililegea. Sasa unaangalia huku, inapiga kule."

"Basi tutafute sanduku litakalomshinda Neema na kuilinda darubini."

Akacheka kwa pua. Akaenda akachukua kamba, ile ya kufungia ndama. Kumbe alikuwa ameshaipima bunduki yake: fundo moja la urefu, fundo jingine la kimo pamoja na darubini. Mwanajeshi ni mwanajeshi.

Tulikwenda watatu, mimi, Muzee na Neema, kwenye duka linalouza vitu vya askari wa ulinzi na vya wapiga picha. Muuzaji alikuwa kijana wa maneno mengi. Akatuletea kwanza mfuko laini, mrefu, una mifuko midogo ubavuni.

"Madam, hii iko safi sana. Ukibeba, hakuna mtu atajua ni bunduki."

"Ndiyo ambayo siitaki. Nataka kila mtu ajue hicho si kitu cha kushika."

Akaleta sanduku la plastiki nyembamba. Muzee akalinyanyua kwa mkono mmoja, akalipenda, ni jepesi. Mimi nikamshusha Neema chini.

"Neema, fungua."

Akabonyeza huku, akavuta kule, kifuniko kikaruka. Akachungulia ndani. "Mama, hakuna kitu."

Muuzaji akaacha kutabasamu. Akaleta la pili, linang'aa kama bati jipya, lina kufuli ya namba katikati. Muzee akaweka kamba yake juu, fundo likakaa sawa, akaniangalia kama anayesema hapa tumefika. Neema hakujisumbua na namba. Akaingiza vidole kwenye pembe ya kifuniko, akavuta, pembe ikainuka, mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko.

"Madam, huyu mtoto wako ni mwizi," muuzaji akasema.

"Huyu ni mkaguzi wangu. Leta lingine."

La tatu alilitoa nyuma kabisa, anahema. Plastiki nene, ngumu, ukiigonga inajibu kama ukuta. Ukingo mzima wa kifuniko una mpira, vumbi halipiti. Vibanio vyake vinataka nguvu ya mtu mzima, na kila upande kuna tundu la kufuli lililozungushiwa chuma, hata pembe haiwezi kuinuka. Ndani kuna sponji nene, unaichonga umbo la bunduki yako, ikilala imelala, haisogei. Muzee akaibonyeza sponji kwa kidole gumba, pole pole, sehemu moja hadi nyingine.

"Barabara yetu inang'oa mpaka meno," akasema. "Lakini hapa darubini italala."

Tukaweka kufuli mbili. Nikamwambia Neema afungue.

Alianza anacheka. Akabonyeza, akavuta, akaenda upande wa pili. Akajaribu pembe zote kwa kucha. Akalikalia. Akang'ata kibanio. Akarudi kwenye pembe. Nilikuwa naangalia vile vidole, mwanangu, vile vidole nilivyovikuta kwenye kifyatulio, vinatafuta njia na njia hakuna. Mwishowe akalipiga teke, akajitupa sakafuni, akaangua kilio hata watu wa nje wakaja kuchungulia mlangoni.

Muzee akainama amchukue.

"Mwache, Muzee. Mwache alie kidogo."

Nikasimama katikati ya duka, mtoto wangu analia kwa nguvu zake zote, na mimi nacheka mpaka machozi yananitoka. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna ile.

"Huyu mama iko sawa?" muuzaji akamuuliza Muzee.

"Iko sawa," Muzee akajibu. "Pima bei yako vizuri, tunachukua hii."

Nilikuwa bado sijamaliza. Nikamwambia: kufuli ni mbili, Muzee. Funguo ya moja inakaa kwako, ya nyingine inakaa kwangu, kila ukiwa kwa nyumba yangu.

"Yaani nitaomba ruhusa kwa mukamwana nione bunduki yangu?"

"Kwa nyumba yangu, ndiyo. Ukitoka mlangoni nakupa, unaenda na zote."

Alizigeuza funguo kiganjani. Huyu ni mtu ambaye hata wanawe wakubwa hawamkatizi akiongea. Nilijua akikataa sina pa kwenda tena, maana Kashojwa koko hangenipokea mara ya pili. Kisha akachukua mkono wangu, akaweka funguo moja ndani, akavifunga vidole vyangu juu yake.

Bunduki ikatoka kwa polisi ndani ya sanduku lake. Muzee akalibeba begani, wazi, katikati ya mtaa wetu, bila kuficha kitu. Wifi yangu alikuwa mlangoni kwake anachambua mchele. Akauliza ni nini hicho.

"Ni bunduki," Muzee akasema. "Na funguo iko kwa mukamwana wangu. Kama una neno, muulize yeye."

Akainamia mchele wake. Mugisha ndiye aliyekuwa na neno: alilisema chumbani, aliomba msamaha kwa kunyamaza, na mimi nikampokea, lakini sikumrahisishia.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukiingia katika nyumba yenye bunduki, iwe ya kazi, iwe ya leseni, iwe ya baba mkwe unayemheshimu, usikubali sanduku lichaguliwe na mwenye bunduki peke yake. Yeye anaangalia wepesi wa kubeba na macho ya watu njiani. Wewe mpeleke mtoto dukani. Akilifungua, mwambie muuzaji alete lingine, na usione haya. Liwe gumu, lifunge pembe zote, bunduki ilale humo bila kutikisika, na risasi zisafiri fasi nyingine kabisa. Na kamwe, nasema kamwe, kitu cha kuua kisiingizwe ndani ya kitu ambacho mtoto anakipenda. Wakikuambia iko tupu, jibu: vizuri sana, tufunge. Wakikuita mkimbizi, mwenye domo, mvunja heshima, piga magoti, salimia, kisha sema ulichokuja kusema. Usiondoke ukaiachia nyumba yako.

Mungu akupe mdomo usiotetemeka na mume anayejifunza. Awape wanao vidole vya kupiga muziki na kuchimba udongo na kuchafua kuta zako zote. Na kilio pekee kitakachosikika kwako kiwe cha mtoto aliyenyimwa kitu, anayelia akiwa mzima.