Kitabu Alichokichoma Baba

Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi pale Malindi ya kwetu milimani, si ile ya pwani, mtu mpole wa kanisani, asiyeweza kuchinja hata kuku. Ndiyo maana inaniuma hadi leo kwamba kitabu kile alikichoma yeye.

Kilikuwa cha mwalimu wetu wa fasihi, nakala pekee shule nzima. Kabla hatujakifungua alitueleza kilikotoka: kiliandikwa ughaibuni baada ya vita vikuu vya dunia, watu walipokuwa wakiogopana, na kinasimulia nchi ambayo kusoma ni kosa na vitabu huchomwa. Neno la kushika humo, alisema, si moto, ni hofu. Akatuachia swali: moto wa kwanza uliwashwa na nani? Tulikisoma kwa zamu, na zamu yangu ikaangukia likizo.

Siku hizo redio ilikuwa haichoki kutuonya juu ya kasumba ya kikoloni. Baba Kiingereza hakukijua. Alikikuta kitabu kitandani kwangu, akaona maandishi ya Kizungu, akawaza ubalozi wake, akaniwaza na mimi. Niliporudi kutoka mtoni na ndoo yangu, kilikuwa kinaungua mafigani chini ya chungu cha maharage. Nililia, nikamwuliza nani kamtuma. Akanijibu kwa Kishambaa kwamba hajatumwa na mtu, ila heri tuanze wenyewe kabla wakubwa hawajaja.

Hakuna mkubwa aliyekuja. Mwalimu nilipomweleza alifuta ubao, na vipindi vilivyobaki tukapelekwa kupalilia kabichi za shule. Jamani, nilizichukia kabichi zile!

Miaka mingi baadaye, Baba keshazeeka, nilikwenda kumsalimu. Baada ya shikamoo na chai akaniuliza, bila kunitazama, "Mwanangu, kile kitabu kilikuwa kinasema nini?"

Jibu nilikuwa nalo tangu usichana, nimelinoa, nasubiri aulize tu. Nikaona alivyokikumbatia kikombe kwa mikono miwili, kama mtoto.

"Kilimo, Baba. Kilikuwa cha kilimo."

"Afadhali," akasema. "Hicho tunakijua."

Akamalizia chai yake ametulia. Alifariki mvua zilipoanza, sijamwambia kitu. Nilidhani namhurumia. Siku hizi naona niliogopa tu, kama yeye alivyowaogopa wale ambao hawakuja.