Kijiwe Chini ya Ulimi

Uvimbe ulikuja wakati wa chakula. Nilikuwa nimetia tonge la kwanza mdomoni, kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, kwa mchuzi wa bamia, mate yakanijaa, na papo hapo chini ya taya la kushoto pakatutumka kitu kama yai la kuku. Baada ya saa moja kilikuwa kimenywea. Tulipokaa kula tena, kikarudi.

Mama mkwe wangu, aliyekaa ukimbizini Uganda miaka mingi na kutoka huko na Kiswahili chake, alinikazia macho.

"Wewe iko na rovu," akasema, akijigusa koo. "Chumvi ya Kenya iko mbaya."

Mimi nilikulia Eldoret. Tangu niolewe na kuhamia kwao, mtaa wa Juba Na Bari jijini Juba, tulikuwa tukiheshimiana kwa mbali, salamu asubuhi, pole jioni, basi. Nikaanza kukwepa milo. Nilikunywa uji mwepesi na kusema nimeshiba, kumbe kichwani nilikuwa nimeshajipa saratani, tena nimeshajichagulia nyimbo za mazishi.

Siku ya nne akanishika mkono. "Twende."

Tulipanda bodaboda mbili hadi zahanati moja ya mtaa wa Nyakuron. Daktari alikuwa dada mchangamfu aliyesomea Nairobi. Alinipapasa shingo, akanipa kipande cha limau.

"Nyonya, dada."

Nikanyonya. Yai likatutumka mbele ya macho yake, akafurahi kama aliyeletewa mgeni.

"Hii ni tezi ya mate," akasema. "Inatengeneza mate, inayapitisha kwenye mrija mwembamba hadi chini ya ulimi. Sasa mrija umezibwa na kijiwe. Mate yanakosa njia, tezi inavimba."

"Si rovu?" mama mkwe akauliza.

"Hapana, mama. Rovu ni ya tezi nyingine, hapa mbele ya koo. Ile haina mrija. Inamwaga homoni zake kwenye damu, na damu ndiyo inazisambaza mwilini."

Mama alikuwa akijifuta uso kwa leso. "Na hii jasho?"

"Jasho lina mirija yake, midogo sana, inafungukia kwenye ngozi. Machozi pia yana yake."

"Leo bodaboda yangu nusura igonge lori. Roho ilipiga hivi!" Akajipiga kifua.

"Hizo ni tezi zinazokaa juu ya figo. Nazo hazina mrija, ndiyo maana ulishtuka mwili mzima mara moja."

"Juu ya figo? Mimi nakula figo ya mbuzi maisha yote, sijaona."

"Huwa unazitupa pamoja na mafuta, mama."

Tulicheka wote watatu. Nilikuwa sijawahi kucheka na mama mkwe.

Tuliambiwa ninywe maji mengi, ninyonye limau kabla ya kula, na uvimbe usuguliwe kutoka nyuma ya taya kuelekea kidevuni. Kijiwe kisipotoka kwa wiki mbili, nirudi kitolewe kwa kisu kidogo.

Mama alijipa kazi ya kusugua. Kila mlo alikaa kando yangu, kidole gumba chake kigumu kikinisukuma taya, huku akinisimulia habari za kambini, jinsi alivyouza mihogo na jinsi alivyomzaa mume wangu siku ya mvua.

Jumapili, baada ya kanisa, tukiwa mezani tunakula samaki, nilihisi kama mwiba chini ya ulimi. Mate ya chumvi yakanifurika mdomoni. Nikatema kiganjani, na kumbe ni kijiwe cha manjano, kidogo kuliko punje ya mchele.

"Kalas!" mama akapaza sauti. "Imeisha!" Akapiga kigelegele, majirani wakaingia kuuliza nani kazaa.

Alikizungusha kile kijiwe kwa kila mmoja, akiwaeleza habari za mirija kama daktari mwenyewe. Mimi nilibaki mezani peke yangu na sahani ya samaki. Nilimaliza wa kwangu, nikamaliza na wa mume wangu.