Taa ya Mrisho Ilipita Dirishani Kwangu

"Shoga, hivi Mrisho mlimzika kweli?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza jirani yangu Sitara asubuhi moja, amesimama kwenye mlango wa uani, kanga imemteleza kichwani na wala hana habari nayo.

Mimi nilikuwa ndani ya eda. Sina wanja, sina manukato, mlango wa mbele siusogelei. Mume wangu alikuwa kaburini mwezi wa pili.

"Sitara, umeamka vibaya?"

"Sijaamka vibaya. Nimetoka kwenda chooni kabla ya adhana, nikaiona taa ya mumeo. Ile ya jicho la buluu. Imepita barabarani, inafoka vilevile kama alipokuwa hai."

"Na aliyeipanda baiskeli?"

"Nyuma ya mwanga ule nani anamwona mtu? Nimeona taa tu. Nimerudi ndani mbio, hata hicho chooni sikufika."

Siku nyingine ningecheka. Siku ile nilikaa chini palepale kwenye kizingiti.

Maana taa ile nilikuwa naitafuta kuliko kitu chochote duniani.

Jina langu Siwema. Nyumba yetu ilikuwa Kariakoo, upande wa Msimbazi, enzi za Mwingereza. Baiskeli zilikuwa zimeanza kuwa nyingi mjini, na askari walikuwa na amri moja tu midomoni: giza likiingia, baiskeli bila taa, twende kituoni.

Mume wangu Mrisho alikuwa mpishi kwa Mzungu mmoja, Uzunguni. Chai ya bwana ilitakiwa iwe mezani jua linapochomoza. Kwa hiyo Mrisho alitoka nyumbani giza totoro, akaswali alfajiri msikitini, kisha akapanda baiskeli akavuka Mnazi Mmoja kwenda kazini.

Taa tulikwenda kuichagua pamoja, dukani kwa Hamud, Mwarabu aliyekuwa akiuza vifaa vya baiskeli pale sokoni.

Hamud alituwekea taa tatu juu ya meza.

Ya kwanza ya mafuta ya taa. Mrisho aliitazama akasema, "Hii nikipiga chafya imezimika."

Ya pili ya dainamo. Hiyo ndiyo ilikuwa mpya mjini, vijana wote walikuwa wakiimezea mate. Ina kigurudumu kidogo, kinasuguana na tairi, taa inawaka yenyewe.

"Haitaki mafuta, haitaki maji, haitaki kiberiti," Hamud alisema. "Inataka miguu tu."

"Na nikisimama?"

"Ukisimama umefika, bwana. Unataka taa ya nini?"

Tukacheka. Lakini mimi nikauliza nyuma ya buibui, "Akisimama katikati ya njia, gari linakuja, je?"

Hamud akakuna ndevu. Akaisogeza ile ya tatu.

Ya karabidi. Chini unatia vile vijiwe, juu unatia maji, unafungua kibomba, maji yanadondoka kidogo kidogo. Vijiwe vinachemka, vinatoa hewa, unawasha na kiberiti. Mwanga mweupe, mkali, unaona mpaka kokoto. Na ukisimama, inaendelea kuwaka.

"Ila inanuka," alisema Hamud. "Nisije nikalaumiwa."

"Atakayevuta harufu ni mke wangu," alisema Mrisho. "Mwulize yeye."

Nikasema, "Inuke tu. Bora inuke, aonekane."

Ndiyo tuliyoichukua. Ubavuni ilikuwa na vioo viwili vidogo, kimoja chekundu, kimoja kijani. Kile chekundu kilivunjika, Mrisho akaziba kwa kipande cha chupa ya dawa, ya buluu. Mji mzima hakuna aliyekuwa na taa ya jicho la buluu ila yeye.

Na kuiwasha ilikuwa kazi yangu. Kila alfajiri naamka kabla yake, nasafisha majivu ya jana, natia vijiwe, natia maji, nawasha. Yeye anatawadha, mimi naishika taa. Hata siku nina homa, niliiwasha.

Hata siku ile niliiwasha.

Siku ile walikuja kuniambia kwamba Mrisho amegongwa na lori Mnazi Mmoja. Dereva aliapa hakumwona. Askari waliileta baiskeli imejikunja, na pale mbele panapokaa taa, hapana kitu.

"Marehemu hakuwa na taa," askari alisema.

Maneno manne tu. Lakini katika nyumba ile kulikuwa na mtu wa pili aliyeyasikia.

Mama mkwe wangu, Bi Kijakazi.

Tulikuwa tukikaa naye, chumba cha nyuma. Mrisho alikuwa mwanawe wa pekee. Na alikuwa akijua vizuri kwamba taa ilikuwa kazi ya nani.

"Ulilala," aliniambia mbele ya wanawake wote, maiti bado hajaoshwa. "Ulilala, ukamwacha mwanangu atoke gizani."

"Mama, niliiwasha kwa mkono wangu."

"Basi iko wapi?"

Majirani walitafuta kando ya barabara, wakatafuta mitaroni. Hakuna taa.

Tangu siku hiyo Bi Kijakazi hakulitaja jina langu tena. Chakula nilichopika hakula. Alijipikia uji wake kwenye kijisufuria, akanipa mgongo. Wanawake wawili tunamlilia mtu mmoja, nyumba moja, kila mmoja na ukuta wake.

Mtaani nako wakapata la kusema. Eti taa nimeificha mwenyewe kufunika aibu. Eti mke wa namna gani anashindwa na kijiwe na maji.

Sasa mnaelewa kwa nini swali la Sitara lilinikalisha chini.

Alfajiri iliyofuata sikulala. Nilikaa kwenye mswala karibu na dirisha la barabarani, nimefunga mbao. Nikasikia mnyororo wa baiskeli. Nikasikia ile sauti ya kufoka. Halafu ile harufu ikaingia, harufu ya karabidi, na kupitia kwenye ufa wa mbao kijidoa cha buluu kikatambaa ukutani, kikapita juu ya kitanda chetu, kikaondoka.

Kutoka nje siwezi. Niko eda. Nikimbilie baiskeli ya mwanamume barabarani, kichwa wazi, kabla hakujakucha? Nilishika mbao za dirisha mpaka vidole vikaniuma.

Mzimu haunuki karabidi. Basi ni mwizi.

Nikajua. Mtu alimkuta mume wangu amelala barabarani anakata roho, badala ya kumtamkisha shahada akamfungulia taa.

Kila alfajiri taa ilipita, na kila alfajiri nilimshtaki mtu huyo kwa Mwenyezi Mungu. Nilimwomba Mola amtoe hadharani, na mimi niwepo.

Kwa upande mwingine, Mungu hakuniacha. Kulikuwa na rafiki wa Mrisho, Fikirini, aliyekuwa akifanya kazi shamba la mkonge huko barabara ya Pugu. Alikuwa amefiwa na mke kabla yangu. Huyo alimtuma dada yake kwangu kila mara. Leo unga, kesho samaki, keshokutwa mafuta ya kula. Mwenyewe hakukanyaga, kwa heshima ya eda.

Dada yake anaweka kikapu, anasema, "Kaka anasalimu," anaondoka.

Hata Bi Kijakazi samaki wa Fikirini alikula.

Nilipokaribia kutoka eda, Sitara alikuja na uso wa mtu mwenye pipi mdomoni.

"Shoga, kuna posa."

"Ya nani?"

"Unajifanya hujui. Samaki wote wale ulidhani wanaogelea wenyewe mpaka hapa?"

Siku ile niliswali, nikalia, nikaswali tena. Mtoto sina, mama mkwe hanisemeshi, mtaa unanitazama kama muuaji. Na mtu yule alikuwa mwema kwangu nilipokuwa sina mtu.

Nikamwambia Sitara, "Mwambie aje azungumze na Bi Kijakazi. Moyo wangu umekubali."

Akaja Alhamisi, baada ya Magharibi. Nilikuwa nimeshatoka eda. Mimi niko uani, namsikia ukumbini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu mkekani."

Nilikuwa namimina kahawa Sitara alipoingia kwa mlango wa uani. Amenishika mkono.

"Siwema. Taa ile."

"Imepita?"

"Haijapita. Iko mlangoni kwako. Imesimama, inawaka."

Nilipita ukumbini bila kumtazama mtu. Nje, baiskeli imeegemezwa kwenye baraza. Mbele yake taa ya Mrisho inafoka, jicho la buluu limetulia kwenye ukuta wa nyumba yangu.

Ingekuwa ya dainamo, ingekufa pale alipoteremka. Hii ilikuwa inaningoja.

Fikirini alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Umeipata wapi?"

"Shemeji, nimeileta uione kabla ya neno lolote. Kukuoa huku nimeificha, nimeshindwa."

"Nimekuuliza umeipata wapi."

"Alinipa mwenyewe."

Bi Kijakazi akaja mpaka mlangoni, anashika ukuta.

Fikirini alieleza huku ametazama chini. Alfajiri ile walitoka msikitini pamoja. Taa yake Fikirini ilikuwa ya mafuta, upepo umeizima, utambi umelowa, haishiki moto. Alikuwa ameshakamatwa na askari mara moja, na msimamizi wake alimwambia akikamatwa tena kazi hana.

"Mrisho akafungua yake akanipa. Nikakataa. Akasema, 'Wewe una njia ndefu ya giza. Mimi navuka Mnazi Mmoja tu, naingia kwenye taa za mjini. Utanirudishia jioni.'"

"Ilikuwa inawaka?" aliuliza Bi Kijakazi.

"Inawaka, mama. Alisema, 'Mke wangu ameijaza vizuri, itakufikisha.'"

Bi Kijakazi akavuta upindo wa kanga, akajifunika uso.

Mimi nilikuwa namtaka mwizi. Ningepewa mwizi, ningelala. Nilichopewa ni Mrisho mwenyewe, na tabia yake ileile, anagawa kilicho chake na kusema ni jambo dogo.

"Kwa nini hukusema?"

"Mazishini nilifungua mdomo. Mtu mmoja akasema aliyeichukua taa ndiye muuaji. Nikaufunga. Halafu ukaingia eda. Nije ndani kwako nikuambie nini, na kwa idhini ya nani? Nikasema ukitoka nitakuambia. Nikatuma unga."

"Bi Kijakazi hakuwa eda. Angekusikiliza."

Akafuta vumbi kwenye kiti cha baiskeli.

"Na kupita dirishani kwangu kila alfajiri?"

"Njia yangu ndiyo hiyo, na taa yangu ya mafuta upepo kidogo unaizima. Na nilitaka mtu anisimamishe. Hakuna aliyenisimamisha."

Nilimtazama. Mtu niliyemshtaki kwa Mungu na mtu niliyemwombea heri walikuwa mtu mmoja.

"Kesho Ijumaa," nikamwambia. "Baada ya swala utasimama uwaambie wanaume wote kwamba Mrisho alitoka kwake na taa, na kwamba mkewe aliijaza."

"Nitasema."

"Na posa yako, Fikirini, rudi nayo. Si kwa chuki. Kila jioni ungeingia na taa hiyo, na mimi kila jioni ningemngoja yule aliyekupa."

Ijumaa alisema. Alisema mbele ya msikiti mzima, na mtaa ukaanza tena kuniamkia. Lakini mwisho wa kisa changu ni usiku ule wa Alhamisi, na kabla sijaufikia niseme langu.

Ndugu zangu mnaosoma, ukiwa na kitu cha maiti, au neno lake la mwisho, usikae nalo ukingoja saa nzuri. Unaweza kuwalisha watu samaki miezi mizima, na bado wanakufa njaa ya lile neno moja ulilolificha.

Basi. Fikirini aliinama, akafunga kibomba. Mwanga ukafifia, jicho la buluu likafa ukutani. Akaifungua taa, akaiweka juu ya baraza kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Akashika baiskeli yake kuondoka.

"Siwema," alisema Bi Kijakazi.

Nilishtuka. Jina langu, kwa sauti yake, baada ya miezi yote ile.

"Mtoto wa watu anatoka kwetu gizani, mwanangu. Lete maji."

Nikaleta maji. Nikatia vijiwe vipya kutoka kwenye kopo la Mrisho, lililokuwa bado chini ya kitanda. Bi Kijakazi akashika kiberiti, nikamshika kifundo nikamsaidia. Taa ikawaka, ikafoka, ikanuka.

Niliifunga mwenyewe mbele ya baiskeli yake.

"Utairudisha kesho," nikamwambia. "Ukishasema."

Akanitazama, akamtazama mama. Akaisukuma baiskeli mpaka barabarani, akaipanda, na sisi wawili tukasimama mlangoni mpaka ule mwanga ulipokata kona.