Chupa Haikauki

Nimepiga deki wodi ya watoto wachanga hapa Busia miaka mingi mpaka mgongo umekataa kunyooka. Nimechoka, na sisemi hivyo ili nionewe huruma. Watu wakisikia hospitali wanawaza daktari. Nani anamwaza aliyeinama chini ya sinki na brashi, akigombana na uchafu asiouona?

Kwetu Majanji mama alitufunza jambo moja kwa fimbo: mtungi wa maji haukauki. Mgeni akikuta mtungi mkavu, nyumba hiyo haina mwanamke. Kwa hiyo hatukungoja maji yaishe. Yakifika nusu, tunaongeza juu yake. Nikaolewa nikaendelea hivyo, nikaajiriwa nikaendelea hivyo. Chupa za sabuni ya maji kwenye sinki la wodi zilikuwa kazi yangu, na hakuna mzazi aliyewahi kubonyeza chupa yangu ikamtolea upepo. Ikifika nusu, naongeza sabuni, nazimua na maji kidogo, natikisa. Nilikuwa najisifu, jamani! Wodi nyingine wanahangaika na chupa tupu, zangu zimejaa pomoni.

Basi akaja binti mmoja kutoka Tororo, uzazi wake wa kwanza, mtoto kazaliwa kabla ya siku zake. Alinikuta napangusa vitanda, akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha mpakani, "Mama, mimi nafanya nini mtoto apone?" Sista alikuwa amemweleza mambo mengi, yote yakampita. Nikampa moja la kushika.

"Nawa mikono. Kabla ya kumgusa, nawa. Ukimaliza kumgusa, nawa. Sabuni iko, haiishi."

Lo, alinitii yule binti! Alinawa mpaka ngozi ya vidole ikaanza kupasuka. Kina mama wenzake wakamtania, "Wewe utanawa mpaka uishe." Anacheka, anarudi kwenye sinki.

Juma la pili mtoto akashikwa na homa. Dawa ya kwanza haikufua dafu, wakabadilisha, na ya pili pia haikusaidia. Alifariki asubuhi, chai ikigawiwa. Kitanda chake nilikisafisha mwenyewe, klorini nyingi mpaka macho yakaniwasha, nikiamini nafanya kazi. Mama yake akarudi Tororo na shuka lililokunjwa mapajani.

Watoto wengine wawili walipopata homa ileile, akaja mtu wa maabara na vijiti vyake vya pamba. Akapitisha kwenye bomba, kwenye reli za vitanda, kwenye tundu la sinki, kwenye chupa zangu za sabuni, hata kwenye tambara langu. Nilikasirika, sifichi.

"Unatafuta nini hapa? Pua huna? Si unasikia klorini?"

"Mama, harufu si usafi," akasema.

Nikamnunia siku nzima.

Majibu yalipotoka alirudi wodini, akachukua chupa yangu moja, akaikata katikati kwa kisu. Akanipa glavu, akaniambia nipitishe kidole ndani. Kulikuwa na utelezi, ule ule niliokuwa nikiusikia utotoni nikiingiza mkono kwenye mtungi. Akanieleza kwamba ni bakteria, wakishikamana mahali penye majimaji wanajijengea utando, wanakaa chini yake, na dawa inapita juu wao wakiwa salama. Majibu yalionyesha kwamba waliokuwa kwenye damu ya watoto ndio hao hao waliokuwa kwenye chupa.

"Ukoko wa ugali ukishika sufuria, ukimwagia maji tu, unatoka?" akaniuliza.

"Hautoki. Unaloweka, unasugua."

"Basi ni hivyo hivyo. Hii chupa mara ya mwisho ilikuwa tupu lini?"

Tangu iwekwe pale haikuwahi kuwa tupu, na aliyehakikisha hivyo ni mimi.

Hawakunifukuza. Sista alisema kosa ni letu sote, hakuna aliyenifundisha. Siku hizi chupa inaachwa iishe, inasuguliwa kwa brashi, inapinduliwa ikauke, ndipo inajazwa. Sinki nalo ni sabuni na brashi kwanza, klorini baadaye, na klorini uiache ikae, si kumwaga na kufuta. Tundu la sinki linanitesa zaidi. Unasugua leo, baada ya siku chache utelezi umerudi. Viwiko vinaniuma, hata kumenya viazi nyumbani ni taabu.

Miezi ikapita, yule binti akarudi kuchukua karatasi za mtoto. Nilikuwa kwenye sinki. Akanisalimia, halafu, kwa mazoea, akaanza kunawa.

"Mama, mimi nafikiria sana," akasema bila kuniangalia. "Siku moja nilitoka chooni nikakuta analia, nikambeba. Sikumbuki kama nilinawa. Ni siku hiyo nilimuua?"

Hilo ndilo alilokuwa amelibeba muda wote huo kule Tororo. Na mimi ulimini nilikuwa na neno tayari, lile tunalosema wote: ni mapenzi ya Mungu. Angeitikia amina, angeondoka, nami ningebaki mama mzuri wa wodi. Nikaona nikisema hivyo, atazeeka akijishtaki.

"Mwanangu, wewe ulinawa. Ugonjwa ulikuwa kwenye sabuni. Na ile sabuni nilikuwa naijaza mimi, nilikuwa sioshi chupa."

Akaitazama mikono yake, povu bado liko.

"Kwa hiyo kila nilipokuwa nanawa..."

"Ndiyo."

Nilimwambia anisamehe, sijui kama alisikia. Alichukua karatasi zake akatoka bila kuaga, maji yakimwagika nyuma yake.

Nikafunga bomba. Chupa ilikuwa nusu. Nikaimwaga yote, nikachukua brashi.