Udi wa Ijumaa

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja kwenye njia ya Bongwe, nayo ilinuka dawa ya kuhifadhia vipande vya nyama kutoka kwa wagonjwa. Mwenzangu, mama kutoka kisiwa cha Wasini aliyenizidi umri, hakuivumilia harufu hiyo. Kila Ijumaa aliwasha chetezo cha udi kando ya meza ya kutengenezea vioo vya darubini, chumba kikanukia kama cha bibi harusi. Mimi, ambaye shahada yangu ya sayansi ilining'inia ukutani, nilivuta pumzi na kushukuru.

Kabla hatujapata skana, mashine ya kupiga picha za vioo ili zisomwe mbali, udi haukumdhuru mtu. Kipande cha mgonjwa hukatwa chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, hulazwa kwenye kioo, hutiwa rangi, kisha hupakwa gundi na kufunikwa kwa kioo kingine chembamba. Daktari anayechungulia kwa darubini akikutana na uchafu, huupita. Skana haina ustaarabu huo. Hukikodolea macho kichembe, na nyama iliyo chini yake ikawa ukungu.

Ijumaa moja tulitengeneza kioo cha mama mmoja wa kijiji cha Munje aliyekuwa na uvimbe kwenye titi. Daktari wa upasuaji, ambaye huku huja kwa nadra, alitarajiwa Jumatatu, na bila jibu asingemgusa. Kipande chenyewe kilikuwa kidogo, hakikubakiza cha kutengenezea kioo cha pili. Nikapiga picha, nikazituma kwa daktari bingwa aliyeko Nairobi, nikajipongeza kwa chai.

Alasiri bingwa akapiga simu. "Ndugu yangu, umenitumia picha nzuri sana za majivu."

Nikakifuta kioo kwa spiriti. Vidoa vilibaki palepale, kwa kuwa vilikuwa ndani ya gundi. Sababu niliijua, ila sikujua namna ya kumwambia mtu niliyemwamkia shikamoo asubuhi ile. Nikaanza mbali: unyevu wa pwani, chumvi iliyo hewani, ubovu wa mashine za siku hizi. Alinisikiliza mpaka nikafika kwenye upepo wa kusi.

"Sema ni udi wangu, mwanangu, tufanye kazi," alisema.

Tukakitumbukiza kioo katika dawa ya kuyeyusha gundi. Hapo kazi ni kungoja tu. Kifuniko kikibanduliwa kwa nguvu huondoka na nyama, na nyama nyingine hatukuwa nayo. Jumamosi yule mama wa Munje alikuja kuulizia, akakaa kwenye benchi. Nilimwambia kioo kinaoshwa. Akataka kujua kama kimechafuka kwa ugonjwa wake. Nikamjibu hapana, kimechafuka kwa sababu yetu. Aliitikia alhamdulilahi, jibu ambalo sikulitarajia.

Jioni kifuniko kiliteleza chenyewe. Tukakisuuza kioo, tukapaka gundi mpya, tukakifunika na kukikausha ndani ya kabati, madirisha yamefungwa, feni imezimwa, sote wawili tukinuka jasho. Safari hii picha zilitoka safi.

Jibu lilifika Jumapili: uvimbe haukuwa saratani. Jumatatu daktari aliutoa wenyewe tu, titi likabaki.

Baada ya wiki chache yule mama alirudi kutushukuru, akatuletea kifurushi cha udi alioutengeneza mwenyewe. Mwenzangu alinitazama, akakipokea kwa mikono miwili. Sasa chetezo hukaa barazani, na maabara inanuka kama inavyopaswa kunuka.